Mtetezi wa Walio Hai na wa Wafu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, Mama Kanisa hutuita tuwakumbuke ndugu zetu waliolala katika Bwana. Tangu tarehe 1 hata tarehe 8 ya mwezi huo, Mkristo azuruye makaburi na kuwaombea marehemu, akiisha kutimiza masharti ya kawaida, aweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili. Twajua ya kuwa familia nyingi hushika desturi hii kwa uaminifu. Hutoka alfajiri na majembe na mafagio, hufyeka majani, huwasha mishumaa, na padre hupita akinyunyiza maji ya baraka. Kazi hiyo twaifanya kwa amani, wala hakuna atuzuiaye. Ndiyo sababu twasahau upesi kwamba walikuwako Wakatoliki wenzetu waliohangaika miaka mingi wapate ruhusa ya kusali sala moja fupi mbele ya kaburi lililo wazi. Aliyewaongoza katika shauri hilo alikuwa Daniel O'Connell, wakili wa nchi ya Ayalandi. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, na habari za makaburi ya Glasnevin aliyoyaacha nyuma yake.

Habari yenyewe yaanzia kaburini. Mwaka 1823, katika mji wa Dublin, Wakatoliki hawakuwa na makaburi yao wenyewe, ijapokuwa ndio waliokuwa wengi kabisa katika nchi. Makanisa yao ya kale na viwanja vyake vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na Kanisa la Kiprotestanti la serikali tangu karne nyingi. Basi maiti wa Kikatoliki walizikwa katika viwanja hivyo, na padre, akivumiliwa tu, alisali kwa sauti ya chini. Siku moja alizikwa mtu aitwaye Arthur D'Arcy katika uwanja wa Mtakatifu Kevin. Padre Michael Blake, ambaye baadaye alifanywa Askofu wa Dromore, alitaka kumwombea marehemu. Mtunzaji wa makaburi akatokea na kumkataza. Waombolezaji wakarudi makwao bila sala.

Jambo hilo liliuchoma mji mzima. Watu wakamwendea O'Connell, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48 na jina lake lilikuwa limekwisha kuenea katika mahakama zote za Ayalandi. Yeye hakuwaambia wachukue mawe wala fimbo. Alifungua vitabu vya sheria, akavisoma, akatoa hoja yake kwamba hakuna sheria yoyote iliyokataza mtu kumwombea Mkatoliki aliyekufa. Kisha akaona ya kuwa hoja peke yake haitoshi, hapana budi Wakatoliki wapate ardhi yao wenyewe ya kuzikia.

Mtu huyo alipataje moyo wa namna hiyo? Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1775 karibu na Cahersiveen, katika jimbo la Kerry, kusini-magharibi ya Ayalandi, mahali pa milima na bahari. Wazazi wake walikuwa wa ukoo wa kale ulionyang'anywa sehemu kubwa ya mali yake, na baba yake mkubwa, Maurice O'Connell wa Derrynane, tajiri asiye na mtoto, alimlea kama mwanawe. Utajiri huo, tuseme kweli, ulitokana kwa sehemu na magendo ya baharini kati ya Ayalandi na Ufaransa na Hispania. Kwa siku zile Mkatoliki aliyetaka elimu ya juu alivuka bahari. Mwaka 1791 Daniel na ndugu yake walipelekwa katika shule za Kikatoliki za Saint-Omer, na baadaye Douai, nchini Ufaransa.

Lakini Ufaransa ilikuwa inawaka moto wa mapinduzi. Mwezi wa Januari 1793, siku zile zile mfalme Louis wa 16 alipokatwa kichwa, vijana hao wawili walitoroka kwenda Uingereza. Mambo aliyoyaona na kuyasikia huko hayakumtoka O'Connell moyoni mpaka kufa kwake. Tangu hapo alishika neno moja, kwamba uhuru unaonunuliwa kwa damu ya watu una bei isiyolipika.

Alisomea sheria London na Dublin, na mwaka 1798 akakubaliwa kuwa wakili. Mlango huo ulikuwa umefunguliwa kwa Wakatoliki miaka michache tu iliyotangulia, tena haukufunguliwa wote. Mkatoliki aliweza kutetea watu, lakini hakuweza kuwa jaji, wala kupewa cheo cha juu cha mawakili wa mfalme, wala kuketi katika Bunge. O'Connell aliwaona mawakili wenye akili ndogo wakipanda vyeo juu yake kwa sababu tu ya dini. Hata hivyo maskini walimjua. Ilipokuwa zamu ya mahakama kuzunguka mikoani, wakulima walimngojea njiani, kwa maana kesi iliyo mikononi mwake ilikuwa na tumaini.

Imani yake nayo haikuwa imara sikuzote. Katika ujana wake alisoma vitabu vya wale waliomkubali Mungu lakini wakakataa Kanisa, na kwa muda alipoa. Mwaka 1802 alimwoa kwa siri Mary O'Connell, binti wa ukoo wake asiye na mali, hata baba yake mkubwa akakasirika na kumpunguzia urithi. Mke huyo alikuwa baraka kubwa kwake. Kwa upole wake na kwa maombi yake, mume alirudi katika Sakramenti, wala hakutoka tena.

Yafaa pia tuseme dhambi yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuificha. Mwaka 1815, baada ya kulisema vibaya baraza la mji wa Dublin, aliitwa na John D'Esterre, mtu wa baraza hilo, wapigane kwa bastola, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya mabwana wa siku zile. O'Connell alikubali. Risasi yake ikampiga mwenzake, naye akafa baada ya siku mbili. Watu wa mjini walimshangilia, lakini yeye aliona haya mbele ya Mungu. Alitaka kugawana mapato yake na mjane wa marehemu. Mjane akakataa, akakubali tu binti yake asaidiwe, na O'Connell alilipa fedha hizo kila mwaka hata mwisho wa maisha yake. Husimuliwa kwamba alipoiendea Komunyo alivaa glavu nyeusi katika mkono ule uliofyatua bastola. Hakupigana tena namna hiyo, hata alipotukanwa na kuitwa mwoga.

Mwaka ule ule wa 1823, ambao Padre Blake alikatazwa kusali, O'Connell na wenzake walianzisha Chama cha Wakatoliki. Mara ya kwanza kilikuwa chama cha mabwana wachache. Mwaka uliofuata akabuni jambo jepesi lililogeuza nchi nzima. Kila Mkatoliki, hata mkulima fukara, aliombwa atoe peni moja kwa mwezi, na mapadre na walei wakakusanya michango hiyo milangoni mwa makanisa. Peni moja haikumfilisi mtu, lakini aliyeitoa alijiona ni mwenye chama, wala si mtazamaji. Hivyo watu ambao kwa vizazi vingi walikuwa wameinamisha vichwa walianza kuviinua.

Mwaka 1828 ulitokea uchaguzi mdogo katika jimbo la Clare. O'Connell aligombea, ijapokuwa kila mtu alijua ya kuwa Mkatoliki hawezi kuingia Bungeni bila kuapa kiapo cha kuikana imani yake juu ya Misa na Ekaristi. Siku zile kura hazikuwa za siri. Mkulima alisimama mbele ya watu akamtaja anayemchagua, na mwenye shamba alikuwapo akisikiliza. Wakulima wa Clare walikwenda makundi kwa makundi, mapadre wao wakiwa pamoja nao, bila ulevi na bila ghasia, wakamchagua O'Connell kwa kura 2,057 dhidi ya 982. Serikali ikaogopa vita. Tarehe 13 Aprili 1829 sheria ya kuwafungulia Wakatoliki milango ya Bunge na ya vyeo vingi ilitiwa sahihi na mfalme. O'Connell aliitwa tangu hapo Mkombozi wa Wakatoliki.

Lakini ushindi huo ulikuwa na mwiba ndani yake. Pamoja na sheria hiyo ilipitishwa nyingine iliyopandisha kiasi cha mali kilichotakiwa ili mtu apige kura katika Ayalandi. Makumi ya maelfu ya wakulima wadogo, yaani watu wa hali ile ile ya waliompeleka O'Connell Bungeni, walinyimwa kura zao. Yeye aliingia, nao wakabaki nje. Wapo waliomlaumu kwa kutopinga vya kutosha, na lawama hiyo ina haki yake.

Hapo ndipo twaelewa thamani ya kazi yake ya makaburi, kwa maana kazi hiyo haikumwacha maskini nje. Mwaka 1829 Chama kilifungua makaburi ya Goldenbridge, na yalipoonekana hayatoshi, ikanunuliwa ardhi nyingine huko Glasnevin, kaskazini ya mji. Mwezi wa Februari 1832 akazikwa mtu wa kwanza. Hakuwa bwana wala askofu. Alikuwa mtoto, jina lake Michael Carey, kutoka mtaa wa Francis. O'Connell alitaka makaburi hayo yawe ya watu wa dini zote, hata na wasio na dini, kila mmoja azikwe kwa taratibu zake. Yeye aliyekatazwa kuwaombea wafu wake hakutaka kumkataza mwingine. Kuta ndefu zilijengwa na minara ya walinzi juu yake, kwa sababu wakati ule walikuwako wezi waliofukua maiti usiku na kuwauzia madaktari wa kufundishia. Hivyo hata maiti ya ombaomba ililindwa.

Tangu siku ile hata leo wamezikwa huko watu wapatao milioni moja na nusu. Wengi walikufa kwa kipindupindu, na wengi kwa ile njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wakalazwa pamoja katika makaburi yasiyo na jiwe. Lakini majina yao yaliandikwa vitabuni, na vitabu hivyo vingaliko. Atafutaye babu yake aweza kuonyeshwa mahali alipolala.

O'Connell hakuishughulikia nchi yake tu. Alipoingia Bungeni alisimama imara pamoja na waliotaka watumwa waachwe huru, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ikapitishwa mwaka 1833. Wenye watumwa wa Marekani walipotuma fedha za kusaidia shauri la Ayalandi, alizikemea fedha hizo kuwa zimechafuka, ijapokuwa chama chake kilizihitaji. Mwaka 1845 Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani Marekani, alimsikia akihutubia mjini Dublin, akamheshimu siku zote za maisha yake. Sisi wa pwani hii, tunaojua Bagamoyo na Unguja ziliona nini, hatuwezi kumhesabu mtu huyo kuwa mgeni.

Mwaka 1841 alichaguliwa kuwa Meya wa Dublin, Mkatoliki wa kwanza kushika cheo hicho tangu zamani za mfalme James wa 2. Kisha akaanza kudai Ayalandi irudishiwe Bunge lake lenyewe. Tarehe 15 Agosti 1843, Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mamia ya maelfu ya watu walikusanyika kwenye kilima cha Tara kumsikiliza, wakaondoka kwa amani. Mkutano mwingine uliitishwa Clontarf mwezi wa Oktoba. Serikali ikaupiga marufuku na kuleta askari na manowari. O'Connell akawaambia watu warudi makwao. Vijana wengi walikata tamaa naye tangu siku hiyo, wakasema amezeeka na kuogopa. Lakini hakuna mama aliyemzika mwanawe kwa sababu ya Clontarf. Mwaka uliofuata alifungwa gerezani muda wa miezi mitatu hivi, mpaka hukumu ilipotanguliwa London.

Ndipo njaa ikaingia. Ugonjwa wa viazi uliharibu chakula cha maskini mwaka hata mwaka. Mwezi wa Februari 1847 mzee huyo alisimama Bungeni mara ya mwisho. Sauti iliyokuwa ikisikika uwanjani na maelfu ya watu sasa ilikuwa dhaifu, hata waliokaa karibu walitega masikio. Aliomba msaada kwa ajili ya watu wake wanaokufa. Msaada uliotolewa haukutosha. Akafunga safari kwenda Roma kuhiji, akiwa na padre wake John Miley, lakini nguvu zikamwishia Genoa. Huko, baada ya kupokea Sakramenti za mwisho, alifariki tarehe 15 Mei 1847. Kwa agizo lake moyo wake ulipelekwa Roma, na mwili wake ukarudishwa Ayalandi. Tarehe 5 Agosti ulizikwa Glasnevin, katika ardhi aliyowatafutia wengine. Baadaye ulijengwa juu yake mnara mrefu wa mviringo, zaidi ya mita 50, mfano wa minara ya wamonaki wa kale, na mwaka 1869 jeneza lake likawekwa katika chumba kilicho chini yake.

Mahali hapo nako palipatwa na unyonge. Mwaka 1971 bomu lilitegwa katika mnara likaharibu ngazi zake. Sehemu nyingi za makaburi zilimezwa na majani, mawe yakaanguka, majina yakafutika. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 ndipo ilipoanza kazi kubwa ya kuyarudisha: vichaka vikafyekwa, mawe yakasimamishwa, na mwaka 2010 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2018, baada ya miaka 47, mnara ulifunguliwa tena. Wageni huja kutazama makaburi ya wakuu wa taifa hilo, kama Charles Stewart Parnell, aliyekuwa Mprotestanti, na Michael Collins, na Éamon de Valera. Karibu nao iko sehemu ya Malaika Watakatifu, walimozikwa watoto wachanga zaidi ya 50,000. Wazazi wengi hufika huko wakiwa wamechelewa miaka mingi, wakiuliza mtoto wao alilazwa wapi.

Wala tusiyafiche yanayotuaibisha sisi wana wa Kanisa. Mwaka 1993 shirika moja la watawa mjini Dublin liliuza ardhi yake, ikabidi makaburi yaliyokuwamo yafukuliwe. Ilitolewa mifupa ya wanawake 155 waliokuwa wamefungiwa katika nyumba za kufulia nguo, wakafanya kazi pasipo mshahara hata kufa. Baadhi yao walijulikana kwa yale majina ya utakatifu tu waliyobandikwa humo ndani, na jina walilopewa na mama zao halikuonekana. Masalia yao yaliletwa Glasnevin. Mwaka 2013 serikali ya nchi hiyo iliwaomba radhi waliotendewa hivyo. Twaona basi kwamba taifa lile lile la Kikatoliki, lililopigania sala ya kaburini, lilisahau wafu wake walipokuwa wanyonge wasio na wa kuwasemea. Kwani aliyekosa jina kaburini mara nyingi alikwisha kulikosa angali hai.

Makaburi hayo yana undugu na sisi pia. Huko Glasnevin amelala Frank Duff, mlei aliyeanzisha Legio ya Maria mwaka 1921 na kufariki mwaka 1980. Mwaka 1936 alimtuma kwetu msichana mgonjwa wa kifua, Edel Quinn, naye akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akisimika Legio parokia kwa parokia, hata akafa Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Yeye, ambaye Kanisa limekwisha kumtangaza Mstahiki, amezikwa Nairobi pamoja na wamisionari. Mmoja amelala kwao, mwingine kwetu, na Wanalegio wa nchi hizi huwaombea wote wawili.

Basi turudi katika makaburi yetu wenyewe. Tunapita katika parokia nyingi, na twaona makaburi ya mapadre yamejengwa vizuri. Lakini katekista wa kwanza wa kigango amelala wapi? Yuko wapi yule mama aliyewafundisha watoto Rozari kwa miaka 30? Wako wapi watoto waliobatizwa na bibi zao usiku wa manane, wakazikwa asubuhi? Mara nyingi hujibiwa kwa kidole kinachoelekea kichakani, tena na mzee mmoja tu, ambaye naye akiondoka hatabaki wa kutuonyesha.

Twaziomba familia mwaka huu ziende makaburini na jembe, na pia na daftari na kalamu. Wazee waketi kivulini, vijana waandike: jina la ubatizo, jina la ukoo, mwaka ukijulikana, na mahali kaburi lilipo. Orodha hiyo ipelekwe kwa paroko, apate kuilinganisha na kitabu cha marehemu cha parokia na kuitaja katika Misa. Haitugharimu hata ile peni moja ya wakulima wa Ayalandi. Na tukimaliza kuwaombea wetu, tumkumbuke pia katika sala Daniel O'Connell, pamoja na yule D'Esterre aliyemuua, na Arthur D'Arcy aliyeshushwa kaburini bila sala.